Msingi Uliolala Miaka 16

Soma nyumbani: Ezra 3:8-13, Ezra 4:24 mpaka 6:15, Hagai 1, Zekaria 4:6-10



Jumapili iliyopita tulipomaliza kitabu cha Hagai, watu watatu walinifuata nje baada ya ibada ya pili, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walikuwa na jambo moja. Mmoja aliacha chuo mwaka wa tatu baba yake alipougua. Mwingine alifika karibu mwisho kabisa, akabakisha mradi wa utafiti tu, halafu akapata kazi Mombasa na kazi ikanoga. Wa tatu ni mama, mwalimu, aliyeanza digrii ya likizo, ile ya kusoma Aprili, Agosti na Desemba, kisha akajaliwa mapacha. Wote waliniuliza: Pasta, hamu ya kusoma iliisha, nitaitoa wapi? Niliwajibu haraka haraka pale mlangoni, na sikuwajibu vizuri. Wacha nijaribu tena hapa.

Kazi iliyosimama

Wayahudi walirudi kutoka Babeli kwa ruhusa ya mfalme Koreshi. Mwaka wa pili baada ya kufika Yerusalemu, Zerubabeli na kuhani Yoshua waliweka msingi wa hekalu. Ezra 3 inatuonyesha siku ile: tarumbeta, matoazi, watu wakishangilia, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakilia kwa sauti, mpaka mtu asiweze kujua kipi ni kilio na kipi ni shangwe. Ukitaka kuielewa siku hiyo, kumbuka siku uliyopelekwa chuo. Harambee ilifanywa. Shangazi akakununulia sanduku. Mzee fulani akakuwekea mikono akaomba mpaka chai ikapoa. Kijiji kizima kilijua unaenda.

Halafu kazi ikasimama. Majirani waliwatisha, wakalipa washauri wa kuwapinga, barua zikaandikwa kwa mfalme. Tangu msingi uwekwe mpaka mwaka wa pili wa Dario ni kama miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya matoazi alikuwa sasa na umri wa kidato cha pili, na hajawahi kuona jiwe likiongezwa juu ya jingine. Kwake yeye ule msingi ulikuwa mahali pa kuchezea.

Sababu za kusimama zilikuwa za kweli, na lazima tulikubali hilo. Hata zako ni za kweli: karo, ugonjwa, mimba, mgomo wa wahadhiri, Korona ilipofunga vyuo Machi 2020. Mimi sipendi mahubiri yanayomwambia mtu aliyeacha chuo ili wadogo zake wale, ati alikosa imani. Lakini Hagai anapotokea, watu hawataji tena majirani wala barua za mfalme. Wanasema tu kwamba wakati bado (Hagai 1:2). Na wanasema hivyo wakiwa wamekaa kwenye nyumba zao zilizopigwa mbao vizuri. Kizuizi kilikuwa kimeshaondoka na mazoea yakabaki.

Najua kwa sababu nilikaa humo. Mimi nilivaa joho la kufuzu nikiwa na miaka 31, miaka saba baada ya wenzangu tulioingia pamoja. Nilikuwa nimebakisha yuniti mbili na deni la karo la shilingi 87,000. Mwanzoni shida ilikuwa pesa kweli. Miaka miwili baadaye pesa hiyo nilikuwa nayo, na nikanunua pikipiki nikampa kijana aendeshe bodaboda. Kwa hivyo si pesa iliyonizuia miaka iliyofuata.

Nilipoanza kuhudumu na vijana, mtu alinijulisha mbele ya kanisa akasema, kijana huyu ana digrii ya biashara. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu, nikashika maikrofoni, nikafungua Biblia. Sikutamka uongo hata neno moja, na nilidanganya kanisa zima. Mama yangu alikuwa ameketi safu ya tatu, naye anapiga makofi kuliko wote.

Niliishi hivyo miaka mitatu. Kila nikifikiria kurudi chuo, nilijiambia sina motisha, niko na huduma nyingi, labda mwaka ujao. Kumbe nilikuwa naogopa kuonekana. Ningerudije kusoma kitu ambacho watu wanajua nilishamaliza? Mwishowe niliungama kwa mchungaji mkuu, halafu kwa mama. Mama alinyamaza kidogo, akauliza, "Zimebaki ngapi?" Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza hesabu badala ya kuniuliza kwa nini. Haya ninayaandika kwa idhini ya mchungaji mkuu, na pia kwa sababu nadhani siko peke yangu kwenye kanisa hili.

Aya ya 12 iko mbele ya aya ya 14

Sasa turudi kwa swali la hamu. Fungua Hagai 1 uangalie mpangilio. Aya ya 12, Zerubabeli, Yoshua na watu wote wanatii. Aya ya 13, Mungu anawapa neno fupi sana, kwamba yuko pamoja nao. Aya ya 14 ndipo Bwana anaamsha roho zao na kazi inaanza. Sisi tunataka 14 ije kwanza. Tunangoja tuamshwe ndipo tutii. Tunataka tuamke asubuhi moja tukiwa na moto ule wa mwaka wa kwanza, tukiwa na miaka 38, watoto wawili na mkopo wa sako.

Angalia na tarehe pia. Hagai alisema siku ya kwanza ya mwezi wa sita. Mawe yalianza kusogea siku ya 24. Hizo siku 23 katikati Biblia haitwambii kila kitu, lakini agizo la kwanza walilopewa tunalijua: pandeni mlimani mkalete miti (Hagai 1:8). Kupanda mlima na kubeba mbao begani. Hakuna matoazi safari hii.

Mlima wangu ulikuwa kaunta ya ofisi ya msajili. Nilienda siku ya Jumatano tumbo likiniuma. Karani hakunijua wala hakujali niliondoka lini. Alinitumia huku na kule, nikalipa kidogo, nikapewa karatasi ya matokeo yangu. Nikaketi nje kwenye ngazi nikahesabu. Yuniti 46 kati ya 48, zote nimefaulu, moja yake kwa mtihani wa marudio, lakini nimefaulu. Ndugu yangu, miaka saba nilikuwa nimebeba kichwani picha ya mtu aliyeshindwa. Karatasi ilikuwa na mtu mwingine kabisa. Hamu ilinijia pale kwenye ngazi, nikiwa nimeshafika chuoni.

Faili bado lipo

Kuna jambo katika Ezra 5 na 6 ambalo sisi wahubiri huwa tunaliruka. Walipoanza kujenga tena, liwali Tatenai alikuja akauliza, nani amewapa ruhusa? Walimjibu kwamba ruhusa ilitolewa zamani na Koreshi. Ikabidi Dario aamuru kumbukumbu zitafutwe. Zikatafutwa, na hati ile ikapatikana Akmetha, katika nchi ya Wamedi, imeandikwa mpaka vipimo vya nyumba. Dario alipoiona aliamuru gharama zilipwe kutoka kodi ya mfalme. Yaani miaka yote ile kazi ilipolala, karatasi ilikuwa salama kwenye kabati mahali fulani.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, kabla ya kufunga na kuomba siku 21, nenda ukatafute faili lako. Uliza mambo haya wazi: nimefaulu yuniti ngapi, zimebaki zipi, nadaiwa kiasi gani, na je, muda wa kumaliza kwa kanuni za chuo umepita? Vyuo huweka kikomo cha miaka, na ukikipita huenda ukalazimika kuandika barua ya kuomba kurudishwa au kuhamia kwingine. Ukihamia, chuo kinachokupokea ndicho kinaamua kitakubali yuniti zako zipi, kwa hivyo uliza kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Siku hizi masomo ya jioni, ya wikendi na ya mtandaoni yapo, na tangu 2023 tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya kinachofundisha kwa mtandao. Na kama ulichukua mkopo wa HELB, deni hilo linakungoja uwe ulimaliza au hukumaliza. Usijifiche. Nenda ukapange jinsi ya kulipa.

Halafu fanya ile hesabu ya Luka 14:28, ya mtu anayetaka kujenga mnara. Yesu hakumwambia aamini tu. Alimwambia aketi ahesabu. Tuseme zimebaki yuniti kumi. Ukichukua mbili kila muhula, ni mihula mitano. Mbili zinataka labda saa nane kwa wiki nje ya darasa. Hizo saa nane zitatoka wapi? Zitaje kwa jina: Jumanne na Alhamisi usiku watoto wakilala, Jumamosi asubuhi. Ukikosa kuzitaja, hazipo. Pesa uliyotumia zamani usiiweke kwenye hesabu hii, hiyo imekwenda, iwe unarudi au hurudi. Hesabu kilichobaki na kitu kitakachokupa.

Na inawezekana ukihesabu uone kwamba mnara huu haufai tena. Fundi wa umeme ambaye ameajiri vijana sita na aliacha digrii ya historia, sioni sababu ya kumsukuma. Digrii haiokoi mtu, na hakuna mshirika wa daraja la pili hapa. Kama umeomba na kuhesabu na jibu ni hapana, sema hapana kwa sauti, ukae huru. Hali mbaya ni ile yangu, ya kutosema ndiyo wala hapana miaka saba.

Wengine watasema umri umeenda. Mtu akitaja umri sisi Wakenya huwa tunamleta Kimani Maruge, mzee aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa ajisomee Biblia. Mzuri sana. Lakini Maruge alikuwa anaanza. Wewe ulishaweka msingi, kwa hivyo mfano wako ni Zerubabeli. Zekaria 4:9 inasema mikono ile ile iliyoweka msingi ndiyo itakayomaliza, na wakati huo mikono ile ilikuwa imezeeka miaka 16. Tangu walipoanza tena mpaka siku ya tatu ya mwezi Adari, mwaka wa sita wa Dario, haikufika miaka mitano.

Neno juu ya Zekaria 4:6 pia, ile ya si kwa uwezo bali kwa Roho. Kila msimu wa mitihani naletewa kalamu niziombee, na wengine wao kitabu hawajafungua. Nitaziombea. Lakini aya nne mbele, Zerubabeli ana timazi mkononi, yaani Roho alimkuta yuko kazini.

Mwisho nina neno kwa viongozi wa idara, na ninajianza mwenyewe. Mtu akirudi shule tumpunguzie. Mama mwenye mapacha na mitihani hahitaji kuwa kwenye kwaya, kamati ya harusi na kesha la Ijumaa kwa wakati mmoja, kisha tumuulize kama amepoa kiroho. Vikundi vya nyumbani wiki hii vizungumze hili: ni nani kati yetu anasoma, na tunaweza kumchukulia jukumu gani mpaka Desemba?

Alhamisi hii, kabla ya maombi, nitakuwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili ya watoto kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo na karatasi yako ya matokeo, hata kama ni kuukuu. Kama huna, njoo na nambari ya usajili, tutaandika barua ya kuiomba pale pale. Mlango utafungwa, na yatakayosemwa yatabaki humo. Yule mama mwalimu ameshaniambia anakuja, na mapacha wake watakuwa na mke wangu.