"Back out" si "kurudi": somo la bakuli 60

Ujumbe uliingia Jumatano jioni, mikono yangu ingali na unga wa mawe. Mteja wa Uingereza aliyeagiza bakuli 60 za mawe ya sabuni alikuwa ameandika: "We won't back out." Nikasoma haraka. "Back" naijua, ni kurudi. Nikaelewa kwamba hawarudi tena.

Bakuli zilikuwa tayari hapa Tabaka. Akina mama walikuwa wamezipiga msasa ndani ya maji, wakazipaka nta mpaka zikang'aa. Kesho yake dalali akazibeba zote kwa bei ya kutupa. Madalali wa namna hiyo sijawasamehe: wananusa shida yako kabla hujafungua mdomo.

Jumamosi binti yangu wa kidato cha tatu akausoma ule ujumbe. "Baba, hawa hawajakataa. Wanasema neno lao ni lile lile." Jumatatu malipo ya awali yakaingia. Tukachonga upya bakuli 60, wiki mbili za kulala usiku wa manane, na mzigo ukaenda.

Basi shika hatua hizi tatu.

Kwanza, achana na kamusi ndogo za mfukoni. Yangu niliuziwa mjini Kisii, muuzaji akiapa kwamba haikosi neno. Ina "back" kivyake na "out" kivyake, basi. Tafuta Oxford Advanced Learner's. Mwishoni mwa maelezo ya kitenzi utakuta misemo yake imepangwa. Bei yake inauma, lakini bakuli 60 ziliniuma zaidi.

Pili, na hapa ndipo penyewe: simama Daraja Mbili siku ya soko. Probox imeingia kichochoroni, mbele kumezibwa na mikungu ya ndizi. Dereva anatia rivasi, anatoka kinyumenyume hadi barabarani. Hiyo ndiyo "back out". Lazima uwe umeshaingia ndipo utoke hivyo. Ambaye hakuwahi kukubali amekataa tu. Neno hili ni la aliyekubali kisha akajiondoa. Makubaliano anayoyaacha hutanguliwa na "of": "They backed out of the deal." Usilichanganye na "back down", ambalo ni kulegeza msimamo ukibanwa.

Kwa nini tunateleza? Kwetu kazi ya kubadili maana hufanywa na mkia wa kitenzi: shika, shikilia, shikamana. Hata kwa Ekegusii, teba ni sema, tebia ni ambia. Hakuna anayeikata "shikilia" vipande ili aielewe. Kiingereza kimeutenga mkia, kikaacha nafasi katikati, na jicho linadhani ni maneno mawili yasiyojuana. Siku hizi nikikuta kitenzi kifupi chenye neno dogo nyuma yake, navifunga pamoja kwa mstari mmoja wa kalamu, ndipo nasoma sentensi.

Tatu, kabla ya kuuza mali ya mtu, muulize tena. Hilo sikulifanya, na ndilo lingeniokoa bila kamusi yoyote.

Mwezi uliopita mteja yule yule aliagiza tena, safari hii samaki wa mawe ya rangi ya waridi. Nikamwandikia mwenyewe: "We won't back out either." Binti yangu akausoma kabla sijautuma, akanirudishia simu bila kugusa herufi.