SOMO: Jicho Likishatoka, Tundu Lake Lataka Kutunzwa



Huku Tana River mtu hupoteza jicho kwa mambo tunayoyajua: mwiba wa mathenge (mti ulioletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo umejaa hadi malishoni), pembe ya ng'ombe, kidonda kilichocheleweshwa, au saratani ya watoto iitwayo retinoblastoma. Hiyo huanza kuonekana kama weupe ndani ya mboni, na mara nyingi jicho huondolewa ili mtoto aishi. Kisha watu husema, "Jicho limekwenda, gharama nyingine za nini?" Tuizungumze hoja hii, maana ndiyo inayofunga mfuko wa kikundi.

Inavyotakiwa, daktari akiondoa jicho huweka tufe dogo ndani ya tundu, akalifunika kwa utando laini wa jicho. Juu yake hutiwa kigamba cha plastiki ili tundu lisisinyae. Baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, tundu likishapoa, mgonjwa hupimwa jicho la bandia la akriliki. Halioni, hilo tuseme wazi.

Tundu likiachwa hivi hivi, husinyaa, kope zikaingia ndani, matongo yasiishe. Kwa mtoto mdogo ni zaidi. Mfupa wa pale hukua kwa kusukumwa na jicho, basi tundu tupu hubaki dogo na uso hukua upande. Ndiyo maana mtoto hubadilishiwa jicho la bandia kadiri anavyokua.

Na aliyekaa miaka mingi? Bado ipo njia. Daktari huchukua utando wa ndani ya mdomo, au mafuta pamoja na ngozi ya matakoni, akalitengeneza tundu upya. Kazi hiyo ni ya mabingwa. Anzeni Hola mpate barua ya rufaa; huenda safari ikafika Kenyatta, Nairobi, au kitengo cha macho cha Kikuyu. Tangu Oktoba 2024 SHA imeshika nafasi ya NHIF, ulizeni mapema italipa nini. Kinachokwamisha wengi ni nauli na chakula cha msindikizaji, si kisu, na safari haiwi moja.

Nyumbani, osha mikono kwanza, kisha jicho la bandia kwa sabuni na maji safi, kamwe si spiriti. Lile zima livikwe miwani ya plastiki ngumu, hasa kwa mchunga ng'ombe na mkata kuni.

Mjadiliane: kijijini kwenu ni nani anayejifunika uso kwa leso, na safari tatu za Nairobi kutoka Garsen, watu wawili, ni shilingi ngapi?