Mafunzo Niliyopata kwa Watoto wa Chekechea

Nimelea watoto wadogo miaka 19 hapa Morogoro, kwanza kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, baadaye chekechea. Niliyojifunza humo hayakunijia yote kwa upole.

1. Mtoto haagwi kwa kutorokwa

Asubuhi za Januari getini kwetu ni vilio. Mama humwambia mwanawe, "Mwone kuku yule!" Mtoto akigeuka, mama hayupo. Miaka mingi nilishiriki mchezo huo, nikiamini tunampunguzia uchungu. Lakini aliyetorokwa Jumatatu, Jumanne haiachii khanga ya mama. Uji haunywi, na kila mlango ukilia anageuza shingo.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake Childhood and Society cha mwaka 1950, aliiweka imani kuwa hatua ya kwanza ya makuzi, tangu kuzaliwa hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Mtoto hujifunza wakati huo kama watu wake wanategemeka. Watoto wetu wameshauvuka umri huo, ila imani iliyojengwa hata miaka mitatu inaweza kuchimbwa getini kwa asubuhi chache. Siku hizi tunamwomba mzazi aseme wazi: "Naenda kazini, nitakufuata ukishaamka usingizi wa mchana." Atalia, ndiyo. Baada ya siku kadhaa utamwona anapunga mkono.

2. Kumbeba anayelia si kumdekeza

Nililelewa nikiambiwa kinyume chake. Jibu nililipata jirani tu, Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga majumbani mwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Watoto ambao mama zao walizitambua upesi haja zao na kuziitikia walilia kidogo, wakathubutu kutambaa mbali na mama, kwa kuwa walijua pa kurudi.

3. "Mi mwenyewe!" si ukaidi

Wa miaka miwili huvaa kandambili kushoto kulia, na ukimsaidia anazivua aanze upya. Mpe dakika tano.

4. Aibu hukaa mwilini

Funzo hili linaniuma hadi leo. Mvulana wa miaka mitatu alijikojolea wakati wa nyimbo. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikauliza, "Nani hapa bado mtoto mchanga?" Wakacheka. Tangu siku ile hakuomba tena kwenda chooni. Alikuwa akijificha nyuma ya simtanki, akikaa na suruali mbichi mpaka harufu imwumbue. Bibi yake alipokuja kumchukua aliniambia, "Mwalimu, nyumbani alishaacha kukojoa hovyo. Huku kuna nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Baadaye nikaelewa kwa nini Erikson aliiweka hamu ya kujitawala na aibu katika hatua moja, kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Mwili ndio kitu cha kwanza mtoto anachojaribu kukimiliki: kushika, kuachia, kujizuia. Anayeaibishwa hapo haachi kosa, anajifunza kulificha. Ilinichukua muhula mzima kumrudishia mvulana yule ujasiri wa kuninong'oneza, "Mwalimu, nataka kojo." Sasa nguo za kubadilisha zinakaa kikapuni, na anayejilowesha hupelekwa bafuni kimyakimya.

5. Maswali ya mwenye miaka minne yajibiwe

Hapa anaanzisha mambo mwenyewe: anajenga, anapika matope, anauliza mbona mwezi unatufuata. Anayekemewa kila anapouliza huishia kudhani kuuliza ni dhambi. Kama hujui, mwambie mtatafuta pamoja.

Mzazi unayesoma haya, kesho ukimfikisha mtoto wako getini, chuchumaa, mtazame, umuage. Kisha urudi saa ile ile uliyomwambia.