Kwa Nini Mtoto Azaliwe Kiziwi?

Mara ngapi umesikia watu wakisema, "Mtoto yule karogwa, ndiyo maana hasikii"? Au lawama zote anatupiwa mama, mpaka baba anahama nyumba. Leo tusome sababu moja ya kweli.

Uziwi una sababu nyingi. Homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, huweza kuharibu masikio. Lakini uko pia uziwi wa kurithi. Hapo watu hubisha: "Mbona baba anasikia na mama anasikia?"

Sikiliza basi. Ndani ya mwili mna maagizo madogo sana, hayaonekani kwa macho. Wataalamu huyaita jeni. Jeni karibu zote tunazo mbili mbili: moja ya baba, moja ya mama. Katika uziwi wa namna hii, mtu mwenye moja mbovu na moja nzima anasikia vizuri tu, wala hajui kama anabeba mbovu. Wawili wa namna hiyo wakioana, mtoto anaweza kupata mbovu kwa baba na mbovu kwa mama. Huyo hana nzima hata moja. Kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kutokea hivyo. Lakini usihesabu kama mayai! Watoto wanne wanaweza kusikia wote, au wawili wakawa viziwi. Na baba naye katoa nusu yake, si mama peke yake.

Jeni mojawapo inaitwa OTOF. Ikiwa mbovu, sikio la ndani, lile lililojiviringa kama konokono, hupokea sauti lakini haliwezi kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu uendao ubongoni. Ni kama tarishi aliyepokea barua akakaa nayo.

Mwishoni mwa mwaka 2022, madaktari wa mji wa Shanghai, nchini China, walianza kujaribu tiba kwa watoto wenye ubovu huo. Walichukua virusi visivyoleta ugonjwa, wakavibebesha jeni nzima. Kumbe jeni hiyo ni ndefu, haienei katika kirusi kimoja. Wakaigawa vipande viwili, kila kipande na mbebaji wake, vikaungane humo sikioni. Dawa hudungwa ndani ya sikio, mtoto akiwa usingizini.

Januari 2024 walitoa matokeo ya watoto sita. Kila mmoja alitibiwa sikio moja, akafuatiliwa kwa wiki 26. Watano walianza kusikia, mmoja hakupata nafuu. Madhara mengi yaliyoonekana yalikuwa madogo. Mwaka huo huo zikatoka habari za watoto watano waliotibiwa masikio yote mawili. Lakini mtoto akianza kusikia haongei siku ile ile. Hujifunza neno moja moja, kama sisi tulivyoanza na a, e, i, o, u.

Sasa usiuze ng'ombe uende China! Tiba hii ni ya ubovu wa OTOF tu, na jeni zinazoweza kuleta uziwi zinapita mia moja. Aliyeharibiwa masikio na homa haimfai. Ila mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, wala kugeuka akiitwa, usimfiche ndani. Mpeleke akapimwe mapema, na nyumba nzima ijifunze kuongea naye kwa lugha ya alama.

Maswali ya kujadiliana

1. Wazazi wanaosikia wanawezaje kupata mtoto kiziwi?

2. Kwa nini jeni ya OTOF iligawanywa vipande viwili?

3. Kijijini kwenu, mtoto asiyesikia anasoma wapi?