Sindano ya Ganzi: Mdomo Umekufa, Mbona Jino Bado Linauma?

Somo la toleo hili ni la meno, maana yalinikuta mwenyewe. Kwenye kliniki moja hapa Grand Prairie nilidungwa sindano mbili, mdomo ukafa ganzi kabisa, lakini mashine ilipogusa gego, jamani, nikaruka kwenye kiti!

Sindano ile hulenga neva ya taya la chini pale inapoingia kwenye tundu la mfupa, upande wa ndani, nyuma kabisa ya kinywa. Daktari haioni. Anapapasa mfupa kwa kidole, anakadiria, anaingiza sindano kama milimita 20 hadi 25. Mbinu hii ilianza miaka ya 1884 na 1885, William Halsted wa New York alipotumia kokeini. Na mwaka 1977 Mwafrika mwenzetu, Joseph Akinosi wa Nigeria, alieleza namna ya kumdunga mgonjwa asiyeweza kupanua kinywa. Vitabu vya Marekani vinamtaja kwa jina, msisahau hilo.

Sasa ultrasaundi, ile ile ya wajawazito, inaingiaje hapa? Mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa. Ukiweka kifaa shavuni, taya lenyewe linaficha neva iliyo nyuma yake, kwa hiyo hutumika kifaa kidogo kinachoingia kinywani. Ateri inayoambatana na neva huonekana ikipwita, na daktari anaikwepa asije akamwaga dawa ndani ya damu.

Lakini subiri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, kwa watu 40, ulionyesha kwamba sindano zilizoongozwa na ultrasaundi hazikuleta ganzi bora kuliko zile za kukadiria. Kumbe shabaha siyo tatizo kubwa! Jino likiwa na uvimbe ndani, neva yenyewe hubadilika, haiitikii dawa kama kawaida. Halafu kuna muda: mdomo hufa ganzi mapema, jino huweza kuhitaji dakika 10 hadi 15. Vifaa vya leo vina picha safi zaidi, ila sababu hizo mbili zipo pale pale.

Na mimi nilichangia. Daktari alipopima gego kwa baridi nililisikia, lakini alipouliza kama niko tayari nikaitikia kwa kichwa. Si tumelelewa kuvumilia? Baada ya kuruka ndipo nikasema, "Daktari, bado nasikia." Akaongeza dawa, akasubiri, akapima tena kwa baridi. Safari hii sikusikia kitu.