Somo la Afya: Presha ya Macho kwa Watoto



Mtoto mchanga akiwa na macho makubwa, watu humsifu. Lakini macho yakizidi kukua, yakitoa machozi kila mara, yakiogopa mwanga, na sehemu nyeusi ikifanya ukungu, tusingoje. Huenda ni glaukoma, yaani presha ya macho. Ugonjwa huu si wa wazee peke yao.

Jicho ni kama tangi. Ndani yake maji hutengenezwa kila wakati (si machozi), na hutoka kwa mfereji mdogo. Mfereji ukiziba, presha hupanda na kuharibu mshipa unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo. Mshipa huo ukifa, haufufuki.

MATIBABU

Kwa mtoto mchanga, daktari kwa kawaida hupasua ili kufungua njia ya maji. Dawa ya matone husaidia, lakini mara nyingi peke yake haitoshi. Wako watoto ambao hata baada ya kupasuliwa zaidi ya mara moja, presha yakataa kushuka. Hapo leza yaweza kutumika. Mfereji umekataa kuzibuka, basi tupunguze bomba! Mtoto hupewa dawa ya usingizi. Daktari hugusisha kifaa kidogo kwenye sehemu nyeupe ya jicho, na mwanga wake huchoma baadhi ya chembe zinazotengeneza maji. Jicho halikatwi kwa kisu.

WAZAZI WAFAHAMU

1. Leza hairudishi uwezo wa kuona uliopotea. Hulinda uliobaki.
2. Mara nyingi presha hupanda tena baada ya miezi kadhaa, na leza hurudiwa. Hiyo si kusema daktari ameshindwa.
3. Ina hatari. Jicho laweza kuvimba ndani, au maji yapungue mno hata jicho linywee na kupofuka. Kwa hiyo daktari huchoma kwa kiasi.

Presha haionekani kwa kumtazama mtoto. Ni lazima ipimwe. Mtoto anayecheza vizuri bado aweza kuwa anapoteza macho polepole. Tusiache kliniki.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu yuko mtoto mwenye dalili hizi? Nani atamwendea mama yake?
2. Nauli ya kurudi hospitali mara kwa mara ni mzigo. Kikundi chetu chaweza kuchangia vipi?