Jicho Hupokea, Kisogo Huona

Baada ya vita vya Urusi na Japani vya 1904 hadi 1905, daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kuwapima askari waliojeruhiwa kichwani. Baadhi yao risasi zilikuwa zimepenya kisogoni. Macho yao yalikuwa mazima, lakini kila mmoja alikuwa na sehemu ya mbele yake asiyoiona. Inouye alifuatilia njia ya kila risasi, akailinganisha na sehemu iliyopotea, na mwaka 1909 akachapisha ramani ya eneo la ubongo linaloona. Eneo hilo liko nyuma kabisa ya kichwa.

Mwanga huingia jichoni kupitia konea, ule utando angavu wa mbele, ukapita kwenye mboni inayopanuka gizani na kubana juani. Lenzi huukusanya juu ya retina, utando mwembamba ulio nyuma, ndani ya jicho. Hapo kuna seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Nyingi zina umbo la vijiti, hufanya kazi penye giza na huhitaji vitamini A. Ndiyo maana mtoto anayekosa maini, mayai, mboga za majani na viazi lishe huanza kujikwaa jioni, wakati wenzake bado wanakimbia. Seli milioni 6 hivi, zenye umbo la pia, hutambua rangi.

Mahali mshipa wa fahamu unapotokea jichoni kuelekea ubongoni hapana seli za aina yoyote kati ya hizo. Chora msalaba kwenye karatasi, na nukta sentimita 8 kulia kwake. Funga jicho la kushoto, kodolea msalaba, kisha sogeza karatasi polepole. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, nukta hutoweka. Ubongo umelijaza pengo kwa weupe wa karatasi.

Mshipa huo una nyuzi takribani milioni moja. Njiani karibu nusu yake huvuka, hivyo ubongo wa kulia huona yaliyo kushoto, na wa kushoto yaliyo kulia. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kumaliza ugali wa upande mmoja wa sahani na kuacha wa upande wa pili. Hadeki. Hauoni. Mgeuzieni sahani. Na yeyote anayepoteza uono ghafla, hata wa upande mmoja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho lililofunikwa mapema hupoteza nafasi yake ubongoni, hata likifunuliwa baadaye. Kwa binadamu, mtoto wa jicho au makengeza yasiyotibiwa mapema huacha madhara ya namna hiyo.

Basi mzazi, mchunguze mwanao penye mwanga wa dirisha. Ukiona weupe ndani ya mboni, au jicho linalopinda, usisubiri akue, wala usitie maziwa au dawa ya majani. Mpeleke kliniki ya macho wiki hii. Na kwa kuwa kisogo ndicho kinachoona, anayepanda bodaboda avae kofia ngumu inayofunika mpaka kisogoni.